Macho mazima, lakini vitu havitambui: niliyoyaona kwa baba yangu baada ya kiharusi

Ndugu mleta mada, nimeusoma uzi wako mara mbili. Umesema mama yako alipata kiharusi mwezi wa pili, sasa anaongea vizuri na anatembea mwenyewe, lakini ukimwonyesha mswaki anauliza "hiki kidude cha nini?" Kitana amekiita mgongo wa samaki. Daktari wa macho kampima mara mbili na kusema macho hayana shida. Nyumbani mmegawanyika: shangazi yako anasema karogwa, kaka yako anasema akili zinaondoka, na wewe unauliza kama humu yupo mtu aliyewahi kukutana na jambo la namna hii.

Nimekutana nalo. Nimeishi nalo tangu mwaka 2019, kwa baba yangu mzazi. Mimi si daktari, ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya mtoto aliyemuuguza mzazi wake, akauliza maswali mengi hospitalini na kusoma kila alichokipata. Samahani, nitaandika marefu. Nilipokuwa katika hali yako sikupata mtu wa kuniambia haya, na kwa kutokujua tulimuumiza mzee.

Baba ni seremala, Tanga. Alikuwa na miaka 63. Asubuhi hiyo alikuwa anapiga randa ubao wa mninga, akaiweka randa chini, akasema kichwa kinamzunguka na giza limemwingia machoni. Akakaa kwenye benchi. Mdomo haukupinda, mkono haukulegea, maneno yalitoka sawasawa. Sisi kiharusi tulikijua kwa mdomo kupinda na upande mmoja kupooza, basi tukampa maji, tukamlaza, tukasema ni presha na jua kali. Siku ya tatu ndipo tulipompeleka hospitali. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza, na nalitaja ili anayesoma asilirudie. Kiharusi kinachopiga nyuma ya ubongo kinaweza kuja hivyo hivyo, kwa kizunguzungu cha ghafla, giza la ghafla, au nusu ya uoni kupotea, bila kiungo chochote kupooza. Ni dharura ile ile. Usisubiri kukuche.

Giza lilipungua baada ya wiki kadhaa, tukashukuru Mungu. Siku moja mama akaweka chupa ya chai mezani. Baba akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Hiki nini mmekiweka hapa?" Nikamwambia, baba, kiangalie vizuri. Akasema, "Nakiona. Ni kirefu, kimenyooka, juu kinang'aa, pembeni kina sikio." Alikielezea vizuri kuliko ambavyo ningekieleza mimi, na hakujua ni nini. Mama akaichukua, akamimina. Ile sauti tu ya chai kuingia kikombeni, baba akasema, "Aa, chupa ya chai." Kisha akanyamaza, na nikaona anaogopa.

Mleta mada, kama mama yako anafanya kitu kama hicho, yaani akiguswa mkono na kitu, au akikisikia, au akikinusa, jina linakuja mara moja, basi unajua tayari jambo kubwa. Kumbukumbu yake haijafutika. Mswaki bado anaujua. Neno "mswaki" bado analo. Kilichokatika ni njia moja tu, ile inayotoka machoni kwenda kwenye ujuzi wake wa vitu. Njia ya mkono ipo, ya sikio ipo, ya pua ipo. Mtu ambaye akili zinaondoka kwa kawaida hapati nafuu kwa kushikishwa kitu mkononi.

Hali hii inaitwa agnosia, na kwa kuwa ni ya kuona, wataalamu huiita agnosia ya kuona. Jina hilo lilitolewa na Sigmund Freud mwaka 1891, kabla hajajulikana kwa mambo ya ndoto. Mwaka mmoja nyuma, 1890, daktari wa Kijerumani Heinrich Lissauer alikuwa ameandika kuhusu mfanyabiashara mzee wa miaka 80 aliyekuwa anaona, lakini vitu vya kawaida kabisa havitambui. Kwa hiyo ni zaidi ya miaka 130 sasa madaktari wanalijua jambo hili. Mwambie shangazi yako kwa heshima, usibishane naye. Mimi nilimwambia shangazi yangu hivi: dua tuendelee nazo, na dawa ya presha tusiikose hata siku moja. Alikubali, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu dawa.

Lissauer alifanya jambo ambalo mpaka leo linatumika. Aliwagawa watu hawa makundi mawili. Wapo ambao umbo lenyewe haliungani kichwani: wanaona mistari, mwanga, rangi, lakini vipande havikusanyiki kuwa kitu kimoja, na ukiwaambia wanakili mchoro hawawezi. Na wapo ambao umbo wanalipata, wanaweza hata kulinakili, ila haliwaambii chochote, kama wewe ukionyeshwa herufi za Kichina: unaweza kuzichora, huwezi kuzisoma. Wagonjwa wengi wako mahali fulani kati ya pande hizo mbili, na baba yangu alikuwa hivyo.

Tulilijua hilo Dar es Salaam, kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kabla ya hapo tulizunguka sana. Hospitali moja walituambia ni uzee. Kwingine tuliuziwa miwani ya bei ambayo sitaki kuikumbuka, ambayo haikusaidia kitu kwa sababu jicho halikuwa na kosa. Huyu daktari wa Dar alimpa baba karatasi yenye mchoro wa ufunguo, akamwambia, mzee, ninakilie hiki. Baba mkono wa kuchora anao, kazi yake ndiyo hiyo. Akachora pole pole, mstari kwa mstari, akiangalia na kurudi, angalia na kurudi. Ukatoka ufunguo safi. Akaulizwa, umechora nini? Akasema, "Sijui, labda kijiko kimeoza upande." Daktari akageuza karatasi, akamwambia, sasa nichoree ufunguo kutoka kichwani. Akauchora bila kusita, na tundu lake na meno yake. Tukaongea mambo mengine kama nusu saa, kisha daktari akamwonyesha ule mchoro wake mwenyewe. Hakuutambua.

Nilitoka nje nikalia. Lakini siku ile ndipo nilipoelewa kwamba baba yupo mzima humo ndani, ufunguo anao kichwani kamili. Baadaye nilisoma habari za mgonjwa wa Uingereza ambaye kwenye maandishi ya wataalamu anajulikana kwa herufi H.J.A. tu. Kiharusi kilimpata mwaka 1981 wakati wa matibabu ya kidole tumbo, kikampiga pande zote mbili za nyuma ya ubongo. Naye aliweza kunakili kwa uaminifu mchoro wa kanisa kuu la St Paul la London, na kuchora vitu kutoka kichwani, huku vitu vya kila siku vilivyo mbele yake vikimshinda. Nilipokuwa nasoma nilikuwa kama nasoma habari za baba.

Kipimo cha CT kilionyesha makovu pande zote mbili, nyuma na chini ya ubongo. Nilimuuliza daktari inakuwaje pande zote mbili kwa siku moja. Akanieleza kwamba kuna mishipa miwili ya damu inayopanda ndani ya mifupa ya shingo, inakutana na kuwa mmoja chini ya ubongo, kisha unagawanyika tena kama panda ya manati, kila tawi likilisha kisogo cha upande wake. Bonge la damu likikwama kwenye panda, au likivunjika hapo, matawi yote mawili yanaweza kukosa damu. Kwa baba bonge lilitoka moyoni. Moyo wake ulikuwa unadunda bila mpangilio na sisi hatukujua. Kwa hiyo mleta mada, hakikisha mama yako amepimwa moyo, si presha peke yake. Dawa za presha na za kuzuia damu kuganda hazirudishi utambuzi uliopotea, ila ndizo zinazozuia kiharusi cha pili.

Sasa nije kwa kaka yako, maana kaka yangu naye alisema yale yale: "Mzee anaona akitaka." Alikuwa na sababu. Baba alikuwa anapita katikati ya viti bila kujikwaa. Ukimnyooshea kikombe, mkono wake unakwenda sawasawa, vidole vinafunguka kwa upana wa kikombe kabla hata hajakigusa. Halafu anauliza, "Hiki nini?" Mtu yeyote angedhani anaigiza. Na siku moja kaka alimfokea mbele ya wajukuu, na baba akalala njaa kwa kuona aibu.

Jibu liko hivi. Picha kutoka machoni inafika kwanza kisogoni. Kutoka hapo zipo njia mbili kubwa. Moja inashuka chini kuelekea pande za masikio, kazi yake ni kujua kitu ni nini. Nyingine inapanda kuelekea utosini, na hiyo inajua kitu kiko wapi na mkono uende vipi. Mwaka 1982 Leslie Ungerleider na Mortimer Mishkin waliandika juu ya njia hizo mbili kutokana na kazi yao kwa nyani. Kisha akatokea mama mmoja, anaitwa D.F. kwenye maandishi. Mwaka 1988, akiwa na miaka 34, alikuwa anaoga huko Italia, chombo cha gesi cha kupashia maji kikajaza bafu hewa ya kaboni monoksidi. Aliokolewa, lakini maumbo ya vitu yalimpotea kabisa. Melvyn Goodale na David Milner walimpa kadi na kisanduku chenye upenyo kama wa kutumbukizia barua, upenyo unaoweza kuzungushwa. Wakamwambia, igeuze kadi ilale kama upenyo ulivyolala: hakuweza, alikuwa anabahatisha. Wakamwambia, itumbukize: mkono ukageuka wenyewe njiani na kadi ikapita. Waliyachapisha hayo mwaka 1991. Macho yake yaliuongoza mkono bila kumpa yeye habari.

Nilimsomea kaka yangu habari hiyo kwenye simu, kwa Kiswahili changu, tumekaa barazani. Hakusema kitu. Kesho yake asubuhi alikwenda kumwamkia baba na kumwomba radhi.

(Hapa niseme neno moja pembeni. Hiyo hewa iliyomharibu D.F. ndiyo ile ile ya jiko la mkaa. Tunaingiza jiko ndani wakati wa mvua, tunafunga madirisha, tunalala. Tunasikia waliokufa. Tusiosikia ni wale walioamka na ubongo umejeruhiwa. Tafadhali, jiko likae nje.)

Lakini mkono kujua ukubwa wa kitu hakumaanishi unajua matumizi yake, na hili ni la hatari, lizingatie. Baba akinyoosha mkono kuchukua patasi, vidole vilikuwa vinafunguka kwa kipimo sahihi, ila aliweza kuishika upande wa makali kama vile ndio mpini. Hakujua upi ni upi mpaka aiguse. Ikishatulia kiganjani, mkono wenyewe unaigeuza na kuishika kifundi. Visu vya jikoni tuliviweka kwenye droo ya pembeni siku ile ile. Na angalieni chupa. Kwetu mafuta ya taa yalikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kama nyumba nyingi. Kwa mtu anayetambua vitu kwa kuona, alama ndogo ndogo humwambia kabla hajainua. Baba aliinua mpaka mdomoni. Aliokolewa na pua yake. Mafuta ya taa, jiki, dawa ya mende, vyote vitoke kwenye chupa za kunywea na vifungiwe mbali.

Kosa letu kubwa, nasema letu lakini lilikuwa langu, ni mtihani. Mimi ni mwalimu. Nilileta nyumbani chati za kufundishia, zile za wanyama na matunda na vyombo, nikazibandika ukutani, na kila jioni nikamkalisha baba. Hiki nini? Na hiki? Jaribu tena, jana nilikuambia. Nilidhani nitamfundisha upya. Sikujua kwamba kwa watu wengi wenye hali hii mchoro wa mistari ndio mgumu kuliko vyote, picha ya kamera inafuata, na kitu chenyewe, chenye uzito na kivuli na mng'ao wake, ndicho chepesi kidogo. Nilikuwa nampa kilicho kigumu zaidi na kumkatalia kukigusa. Baada ya wiki tatu akaacha kuongea mezani. Kwa nini aongee, wakati kila neno lake linasahihishwa? Nilizibandua chati zote. Laiti ningeelewa mapema.

Kilichosaidia kilikuwa kinyume chake. Nyumbani tulikuwa tunatandika mezani kitambaa cha khanga, chenye maua na maandishi. Baba hakuweza kukipata kijiko juu yake. Vitu vikipandana au vikiwa juu ya nakshi, macho yake yalikuwa yanavigawa vibaya: msumeno uliolala kati ya zana nyingine aliuona kama vitu viwili, "kimoja cha meno, kimoja cha mbao." H.J.A. naye michoro iliyopandana ilimshinda zaidi, kwa sababu kazi ya kujua mstari upi ni wa kitu kipi ndiyo iliyoharibika. Mama akaitoa khanga, akaweka shuka jeupe. Kijiko kimoja, sahani moja, kikombe kimoja, vimeachana. Siku hiyo hiyo alikula bila kuuliza. Ni mabadiliko ya bei ya bure, na ndilo jambo la kwanza ningekuomba ufanye.

La pili ni mahali. Kila kitu na mahali pake, na kisihamishwe hata kwa kufagia. Mswaki ukikaa daima kwenye kikombe kilicho upande wa kulia wa sinki, ni mswaki kwa sababu uko hapo. Ukiuweka mezani unageuka kidude. Ndiyo maana hospitalini na nyumba za ndugu wanachanganyikiwa zaidi, na watu hudhani wamezidiwa.

Rangi huwasaidia baadhi. D.F. rangi na namna uso wa kitu ulivyo, kama ni laini au wa mbao au wa chuma, zilimwambia mengi. Kwa baba rangi nazo ziliondoka. Alisema bendera ya taifa ni kama majivu na makaa. Basi usifunge utepe mwekundu kabla hujajua kama mama yako anauona wekundu. Sisi tulitumia mguso. Mpini wa nyundo tuliuzungushia kamba, wa patasi tukauvika msasa. Vidonge vya asubuhi viko kwenye kopo lenye raba, vya usiku kopo halina. Na baba mwenyewe aligundua jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: akishika kitu na kikamtatiza, anafumba macho. Anasema macho yanampigia kelele. Akifumba, mkono unasikika.

Juu ya nyuso sijui mama yako yukoje, hukusema. Baba hakututambua sura hata mmoja, mama pia, mke wake waliyeishi pamoja miaka 38. Aliona pua, macho, mdomo, ila hakujua ni za nani. Daktari wa Kijerumani Joachim Bodamer aliieleza hali hiyo mwaka 1947 kwa askari waliojeruhiwa kichwani vitani, na inaitwa prosopagnosia. Mara nyingi huja pamoja na kutotambua vitu kwa sababu sehemu zake ni majirani, lakini si lazima. Kuna mgonjwa wa Canada, C.K., aliyeumia kichwa baada ya kugongwa na gari, ambaye vitu vilimshinda na nyuso akazitambua vizuri kabisa. Walimwonyesha zile picha za mchoraji wa Italia Arcimboldo, ambaye alichora sura za watu kwa kupanga matunda na mboga. C.K. aliona sura. Matunda hakuyaona. Kwa hiyo mama yako akikutambua wewe mara moja na kijiko kimshinde, msiseme anachagua.

Kwenye hili desturi yetu ilitubeba. Kwetu mdogo ndiye anayeanza, "Shikamoo babu," na kwenye shikamoo sauti imeshafika. Baba anajibu marahaba na jina la mjukuu juu yake. Shida ilikuwa kwa wanaoingia kimya, na kwa wakubwa wenzake wanaosubiri yeye awaanze. Mama aliwaambia majirani wote, ukiingia kwetu sema wewe ni nani. Wengine walinuna kwamba mzee siku hizi anajifanya hatujui. Ukiwaeleza mara moja, kwa upole, wanaelewa.

Kuna mchangiaji hapo juu ameandika kwamba ubongo hauwezi kupoteza matunda ukabakiza zana, na mtu anayesema hivyo anadanganya. Ndugu yangu, inawezekana. Elizabeth Warrington na Tim Shallice waliandika mwaka 1984 kuhusu wagonjwa wa London ambao ubongo wao ulivimba kwa virusi vya herpes. Wanyama na vyakula vilikuwa vimewapotea, vitu vilivyotengenezwa na watu wakavieleza bila shida. Kwa hao tatizo lilikuwa limeingia kwenye ujuzi wenyewe, kwa hiyo hata kuambiwa jina la mnyama hakukuwasaidia. Ni tofauti na mama wa mleta mada, ila inaonyesha ubongo unavyoweza kupasuka kwenye mistari tusiyoitegemea. Hata kusoma: Mfaransa Jules Dejerine alieleza mwaka 1892 mtu aliyeandika barua vizuri na kushindwa kuisoma aliyoiandika mwenyewe. Baba yuko hivyo hivyo. Anaweka sahihi yake, anaandika orodha ya misumari, halafu ananipa nimsomee.

Jambo jingine kwa wengine mnaosoma: kama mzazi wako hakupata kiharusi wala kuumia kichwa, na kutotambua vitu kunakuja pole pole mwaka hadi mwaka, hiyo huenda ikawa safari nyingine. Upo ugonjwa unaosinyaza nyuma ya ubongo, alioueleza Frank Benson mwaka 1988, na ndio aliokuwa nao mwandishi wa Uingereza Terry Pratchett. Huanza kwenye kuona wakati kumbukumbu bado nzuri, na watu hubadilisha miwani mara tano kabla ya kufika kwa daktari wa ubongo.

Umeuliza kama atapona. Nitakuambia ya baba tu. Mwaka wa kwanza alipata nafuu ya kweli: giza lililokuwa limebaki upande wa juu wa uoni wake lilipungua kidogo, ingawa mpaka leo saa ya ukutani haioni bila kuinua kidevu, na vitu vikubwa kama kitanda na baiskeli alianza kuvitambua. Baada ya hapo utambuzi wenyewe haukusogea sana. Kilichosogea ni maarifa yake ya kuzunguka. Alirudi karakana baada ya miezi 14. Msumeno wa umeme tuliuuza, hilo hakulipinga. Kila zana ina msumari wake ukutani, na mwanafunzi wake anajua kwamba asiyerudisha zana mahali pake haingii tena. Anatengeneza mbuzi za nazi. Mbao anazitambua kwa kunusa maranda na kupitisha kidole gumba, na bado hujamdanganya kwa kumpa mti mwingine ukasema ni mninga. Mwezi uliopita mteja alijaribu, akarudishiwa ubao wake.

Sasa fanya hivi usiku wa leo, mara moja tu, na usiugeuze kuwa mtihani kama nilivyofanya mimi. Wakati wa kula, mwombe mama afumbe macho, umpe kijiko mkononi. Kisha funguo zako, zitikise kidogo kabla ya kumpa. Akitaja, usimpongeze kama mtoto, endeleeni kuongea. Mwangalie pia kama anakujua kwa sura au anasubiri sauti. Halafu rudi hapa utuandikie alichosema, na unitajie mko mkoa gani, nikuambie namna ya kumwomba daktari wenu barua ya kwenda kwa daktari wa ubongo. Nitakuwa naufuatilia uzi huu.